Mpagazi Aliyelala Kisutu: Jinsi ya Kulitafuta Kaburi Lisilo na Jina

Msomaji mmoja wa Temeke ameniandikia barua ndefu, nami naifupisha hapa ili wengine wafuate. Baba wa babu yake alikuwa Mnyamwezi aliyefika Dar es Salaam akiwa mpagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akabaki mjini vita vilipokwisha, akasilimu, akaoa, akafa na kuzikwa, kwa kauli ya wazee, Kisutu. Ami zake wawili wanabishana kuhusu mwaka: mmoja anashikilia 1926, mwingine anaapa kuwa ni 1927. Maandishi pekee waliyo nayo ni mstari mmoja ulioandikwa ndani ya jalada la msahafu wa bibi yao, usemao kwamba mzee huyo alifariki usiku wa Ijumaa, mwezi wa Rajabu, 1345. Msomaji amekwenda Kisutu mara mbili, akapita kaburi baada ya kaburi akisoma kila kilichosomeka, akarudi mikono mitupu. Anauliza atumie njia gani kulitambua kaburi, na kama halionekani, je, utafutaji wa ukoo wake umegonga mwamba?

Ndugu yangu, macho yako hayana kosa. Umelitafuta jina mahali ambapo majina mengi hayakuandikwa tangu mwanzo. Kwa uzoefu wangu wa kuwasaidia watu kutafuta nasaba zao katika mji huu, makaburi ya zamani ya Waislamu wa kawaida hayasomwi kwa jina la aliyelala. Yanasomwa kwa majirani zake. Mtu hakuzikwa popote palipotokea nafasi. Alizikwa na watu fulani, karibu na watu fulani, kwa sababu fulani, na ukiwajua hao utalikaribia kaburi lake hata kama juu yake hakuna zaidi ya nyasi.

Kwanza elewa kwa nini juu yake huenda hakuna kitu. Mafundisho ya dini yanapendelea kaburi la wastani, lisiloinuliwa sana wala kujengewa, na wanazuoni wengi wanachukia maandishi juu yake. Kwa hiyo mpagazi mstaafu wa miaka ile aliwekewa alama mbili tu, moja kichwani na moja miguuni, za mbao au za jiwe la matumbawe. Mbao ililiwa na mchwa kabla wajukuu hawajazaliwa. Jiwe lilibaki, lakini jiwe tupu halisemi kitu kwa asiyeambiwa. Waliojengewa kwa chokaa na kuandikiwa walikuwa wenye mali, masharifu, masheikh na wafanyabiashara, na hao ndio uliowasoma katika safari zako mbili.

Hata hivyo ardhi yenyewe huacha dalili. Maiti hulazwa katika mwanandani, yaani nafasi iliyochimbwa ndani ya kaburi, kisha huzibwa kwa kiunza, yaani mbao, kabla ya mchanga kurudishwa. Kiunza kikioza, mchanga wa juu hudidimia, na baada ya miaka mingi huonekana kijibonde chembamba chenye urefu wa mtu, ambacho mvua ikinyesha hukaa maji muda mrefu kidogo kuliko pembeni. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, eneo ambalo ulidhani ni uwanja mtupu linaweza kukuonyesha safu nzima ya makaburi. Usiyahesabu kwa kuyakanyaga. Simama pembeni uyatazame kwa mshazari.

Sasa tuingie kwenye ugomvi wa ami zako, kwa sababu mstari ule wa msahafu una thamani kuliko unavyodhani. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo kila baada ya miaka 33 hivi huutangulia mwaka wa jua kwa mwaka mmoja. Kanuni ya haraka ni hii: uchukue mwaka wa Hijria, uugawanye kwa 33, utoe jawabu hilo kutoka mwaka wenyewe, kisha uongeze 622. Kwa 1345 utapata kama 41 ya kutoa, ibaki 1304, na ukiongeza 622 unafika 1926. Naamini ami yako wa kwanza, au mtu aliyemsaidia, alipiga hesabu hiyo na akaishia hapo. Lakini kanuni hiyo hukupa mwaka ambamo Hijria ile ilianza tu. Mwaka 1345 ulianza Julai 1926, na Rajabu ni mwezi wa saba, kwa hiyo Rajabu ya mwaka huo iliandama mwanzoni mwa Januari 1927 na kumalizika mwanzoni mwa Februari. Ami yako wa pili yuko sahihi, ila wa kwanza hakukosea kwa uzembe, alikosa mwezi.

Neno la pili katika mstari ule ni «usiku wa Ijumaa». Kwa hesabu ya wazee wetu wa pwani, siku huanza jua linapotua, na usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule ambao mtu wa leo angeuita Alhamisi usiku. Huenda basi alifariki Alhamisi baada ya magharibi na kuzikwa Ijumaa, tena pengine baada ya swala ya Ijumaa, wakati msikiti umejaa. Zingatia hilo, kwa maana mazishi ya namna hiyo huhudhuriwa na watu wengi, na kumbukumbu yake hudumu katika familia nyingi zaidi ya moja. Tahadhari nyingine kwa wanaosoma kumbukumbu za aina hii: baada ya Ramadhani, wazee walihesabu miezi kwa mifungo. Mfungo mosi ni Shawali, mfungo pili ni Dhulkaada, mfungo tatu ni Dhulhija, na kuendelea hadi mfungo tisa, ndipo Rajabu, Shaabani na Ramadhani zinashika majina yao. Ukikuta «mfungo sita» ukadhani ni mwezi wa sita wa Kizungu, utamzika babu yako upya katika mwaka asioufia. Mfungo sita ni mwezi wa Maulidi.

Kwa makaburi yenye maandishi, ambayo utayahitaji kwa sababu ya ujirani niliokutajia, nenda na kioo kidogo. Jua la saa sita mchana halisaidii kitu: linaangaza moja kwa moja na kufuta vivuli vyote, na chokaa iliyochakaa inaonekana kama ukurasa mtupu. Nenda kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, au jioni kabla ya magharibi, mwanga unapopita kwa ubavu. Kaburi likiwa kivulini, mwenzako asimame juani akiwa na kioo, arushe mwanga uupitie uso wa jiwe kutoka pembeni kama mtu anayepangusa vumbi kwa mkono. Herufi ambazo hazikuwapo zitasimama. Piga picha kadhaa mwanga ukitoka kushoto, kisha kulia, kisha juu, kwa kuwa mstari mmoja hufichuka kwa upande mmoja tu.

Tarakimu za Kiarabu zina mitego yake. Sifuri ni nukta, na nukta ndiyo ya kwanza kubanduka chokaa ikimomonyoka. Mbili na tatu hutofautiana kwa meno tu, na jino likivunjika tatu hugeuka kuwa mbili. Saba ni kama pembe iliyofunguka juu na nane ni pembe iyo hiyo iliyogeuzwa chini, hivyo jiwe lililoanguka na kusimamishwa vibaya linaweza kukudanganya. Ukikuta 1325 mahali ambapo majirani wote ni wa 1330 na kitu, rudi uliangalie jino.

Nilikwisha kuumbuka mwenyewe kwa herufi moja. Miaka mingi iliyopita nilisoma jiwe katika makaburi ya kijiji kimoja cha pwani, nikaona jina, kisha «bin», kisha jina la baba, nikaliandika katika shajara ya ukoo mmoja kuwa ni babu yao wa tatu. Jina lenyewe lilikuwa miongoni mwa yale wanayopewa wanaume na wanawake pia. Kwa muda wa miaka miwili nilimtafutia yule babu wake zake na kiwanja chake bila mafanikio, mpaka bibi mmoja mzee wa ukoo ule aliposikia nikilisoma jina, akacheka hadi akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Alikuwa mwanamke, shangazi wa mama yake, aliyeishi bila kuolewa. Nilirudi na kioo. Baada ya «bin» palikuwa na mkwaruzo mdogo nilioudhani kuwa ufa, nao ulikuwa mkia wa te iliyopoteza nukta zake mbili: «binti». Tangu siku ile huwa sisomi jiwe la mtu kabla sijamsomea mzee mmoja wa ukoo kwa sauti.

Turudi kwa majirani. Hapa Dar es Salaam kibla kiko karibu kaskazini kabisa, na maiti wa Kiislamu hulazwa ubavu wa kulia uso ukielekea kibla. Kwa hiyo kaburi lake limelala mashariki na magharibi, kichwa kikiwa mashariki. Desturi ya kale ya Kikristo nayo hulaza mashariki na magharibi, lakini kichwa magharibi, ili uso uelekee macheo. Jambo hili lina faida katika maeneo yaliyochanganyika au yaliyosahaulika, ambapo alama ya kichwani imebaki moja tu na haijulikani ilikuwa ya nani. Ndani ya Kisutu litakusaidia kujua jiwe gani ni la kichwani na gani la miguuni, na hivyo kutochukua mawe ya makaburi mawili ukadhani ni moja.

Swali kubwa ni hili: nani alimzika? Mtu aliyefika mjini peke yake, bila ukoo, hakuzikwa na ukoo. Mwaka 1927 yawezekana aliishi Kariakoo, mtaa ambao jina lake lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale. Katika mitaa ile watu wa bara walishikamana kwa makabila yao, kwa misikiti yao na kwa ngoma zao. Vyama vya beni, Marini na Arinoti, ambavyo vijana wa leo wanavisikia kama ngoma tu, vilikuwa pia vyama vya kusaidiana, na mwanachama akifa wenzake walishughulika na mazishi yake. Kwa hiyo waulize ami zako: mzee alikuwa akiswali wapi? Alicheza beni ya upande gani? Nani alikuwa shahidi wa ndoa yake? Mkewe alikuwa binti wa mtaa gani, na wakwe walizika wapi? Hili la mwisho ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Mgeni aliyeoa mjini mara nyingi alipata kaburi upande wa wakweze, kwa sababu ndio waliokuwa na mahali pa kuzikia na watu wa kuchimba. Ukoo wa mke ukiwa na kaburi hata moja lililojengwa na kuandikwa pale Kisutu, anza hapo, kisha tazama yaliyo pembeni yake, hatua kumi kila upande.

Kisha kuna suala la jina. Umenieleza kwamba unamtafuta kwa jina la Kiislamu pamoja na «bin Abdallah». Usiliamini sana hilo Abdallah. Mtu aliyesilimu ukubwani, ambaye baba yake hakuwa Mwislamu, mara nyingi aliitwa mwana wa Abdallah, yaani mja wa Mungu, na makaburini utawakuta kina bin Abdallah wengi wasio na udugu hata kidogo. Katika karatasi za serikali anaweza kuwa ameandikwa kwa jina moja likifuatwa na kabila, na katika kumbukumbu za vita kwa jina la nyumbani Unyamwezi, likiwa limeandikwa na karani ambaye hakulijua, kwa tahajia ya kusikia. Tengeneza orodha ya majina yake yote, pamoja na ya utani, kabla ya kwenda popote. Familia nyingine hunyamaza pale jina linapogusa utumwa, na nimewaona wajukuu wakikasirika walipoambiwa. Kwangu mimi ukweli huo hauvunji heshima ya mtu, lakini mzee akikataa kulizungumza siku hiyo, muache, urudi siku nyingine.

Waulize pia alibeba mizigo ya nani. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, hivyo mtu wa Unyamwezi aliweza kuletwa pwani kwa gari moshi na Wajerumani. Dar es Salaam iliangukia kwa Waingereza mwanzoni mwa Septemba 1916, na wiki hizo hizo Wabelgiji wakaingia Tabora. Kama aliandikishwa kabla ya hapo, alikuwa wa Wajerumani. Kama aliandikishwa baadaye, aliwabebea Waingereza au Wabelgiji. Jibu la swali hili moja linaamua utafute kumbukumbu za nchi gani.

Umependekeza kumtafuta katika makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Bagamoyo. Hayumo, na sababu ni ya tarehe tu: tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita huhesabu waliofariki hadi tarehe 31 Agosti 1921, naye alikufa zaidi ya miaka mitano baadaye. Lakini hata wenzake waliokufa vitani wakibeba masanduku ya risasi na magunia ya unga ni wachache mno utakaowapata pale kwa majina. Mwaka 2021 tume hiyo ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wengi kufikia 350,000, hasa wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mahali pao pa pamoja mjini ni sanamu ya Askari pale Posta, iliyozinduliwa mwaka 1927, mwaka ule ule aliofariki mzee wako, ambayo maandishi yake ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Majina hayamo. Nenda ukayasome hata hivyo, kwani ukoo wako una haki na maneno yale.

Makaburi hayo ya vita yana funzo jingine. Yalianzishwa mwaka 1968, pale makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yaliyokuwa Ocean Road yalipohamishwa kupisha barabara. Kwa kuwa kule hayakuwa yamewekewa alama moja moja, haikuwezekana kumtambua kila mmoja, na mabaki yakazikwa upya katika makaburi ya pamoja. Mji huu umehamisha makaburi mara nyingi na utaendelea. Tangu mwaka 1969 ipo sheria maalumu ya kuhamisha makaburi, inayotaka taarifa itolewe kabla ya kufukua na inayotambua gharama za kuhamisha na kuzika upya. Kwa hiyo mtu anapoambiwa «yale makaburi yalivunjwa», asikate tamaa hapo hapo. Aulize lini, kwa mradi gani, na atafute tangazo lake katika Gazeti la Serikali na katika ofisi za manispaa. Fahamu vilevile kwamba katika makaburi ya Waislamu yaliyojaa, kaburi la zamani ambalo mabaki yake yamekwisha kuwa udongo huweza kuzikwa mtu mwingine. Jiwe jipya la vigae la miaka ya karibuni halithibitishi kwamba chini yake hakuna mtu wa kale.

Kuhusu karatasi nitakuwa mfupi, kwa sababu kwa Mwafrika aliyekufa mwaka 1927 matarajio ni madogo. RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanatunza kumbukumbu za vifo, lakini enzi za ukoloni usajili haukuwa wa lazima kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya nchi, na cheti chake sikitegemei. Nyaraka za Taifa pale Upanga zina majalada ya Wajerumani na ya Waingereza, na ukienda huko usiombe jina la mtu; omba majalada ya mtaa, ya makaburi, ya viwanja na ya wapagazi, kisha usome taratibu. Kama mzee alikuwa na nyumba au hata chumba cha kupangisha Kariakoo, jalada la mirathi yake linaweza kuwataja mke, watoto na mdhamini, na hilo litakufaa kuliko jiwe lolote. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa hapa mjini mwaka 1923, lilikuwa likichapisha barua na mashairi ya wasomaji, na humo watu waliwalilia wafu wao kwa majina. Tazama matoleo ya mwaka 1927, kuanzia Februari kwenda mbele, kwa kuwa barua za kuomboleza hazikutoka mwezi ule ule.

Ndugu zako wa upande wa Kikristo, uliowataja mwishoni mwa barua, wana njia rahisi zaidi. Parokia na sharika kongwe zina vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi. Vya Wakatoliki vimeandikwa kwa Kilatini na vya Walutheri wa kwanza kwa Kijerumani, lakini majina na tarehe vinasomeka bila kujua lugha hizo. Anza na ubatizo, maana pembeni mwake mara nyingi padri aliongeza habari ya ndoa na hata ya kifo. Kwa waliozikwa Kinondoni, nenda na mwaka kamili, si jina pekee, kwa sababu eneo ni kubwa na misalaba ya chuma imeibwa kwa wingi na kuuzwa kama chuma chakavu.

Kuhusu ule upande wa bibi mnaodai kuwa ni Washomvi wa Kunduchi, sitasema mengi leo. Kule kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 18 na 19, ambayo yalipambwa kwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka Uchina, na mengi ya mabakuli hayo yamechokolewa yakabaki matundu ya duara kwenye chokaa. Kwa sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, kaburi lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa na dola. Angalia, piga picha, usiguse.

Sasa adabu na kazi yenyewe. Ripoti kwanza kwa msimamizi wa makaburi, na kama hayupo, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mtu anayepiga picha makaburini bila kujitambulisha hudhaniwa kuwa wakala wa viwanja. Toa salamu kwa waliolala, vua viatu pale penye desturi hiyo, usikalie kaburi wala kuegemea jiwe. Usisugue maandishi kwa brashi ya waya, usimwage dawa ya kuondoa madoa, na usipake unga wala chaki ili herufi zionekane. Chokaa ya zamani ni laini kama ngozi ya mtoto, na ukiikwangua mara moja umemaliza karne nzima. Maji matupu kidogo na brashi laini ya kupakia rangi vinatosha kuondoa ukungu, tena kwa idhini ya wenyewe.

Chora ramani yako mwenyewe kwa penseli. Simu itakupa mahali kwa kukosea mita kadhaa, na katika makaburi yaliyobanana mita tano ni watu sita. Pima kwa hatua kutoka kwenye kitu kisichohama: nguzo ya lango, kona ya ukuta, mwarobaini mkubwa. Kwa kila kaburi la jirani andika jina, tarehe kama ilivyo kwenye jiwe, tarehe uliyoigeuza wewe, umbali, na nani alikuambia nini. Tofautisha kwa wino mwingine ulichokisoma na ulichoambiwa, maana baada ya miaka kumi wewe mwenyewe hutakumbuka kipi ni kipi.

Na kama halitapatikana? Basi litapatikana eneo. Nimewaona watu wakilazimisha, wakachagua kaburi lililo karibu na simulizi, wakaliwekea marumaru na jina, na sasa kizazi kinachofuata kinamsomea dua mtu asiye wao huku wenye kaburi wakiwa wamenyang'anywa. Usifanye hivyo. Andika katika shajara ya ukoo kwamba mzee yumo Kisutu, upande wa wakweze, katika safu fulani, na kwamba alifariki Januari 1927 au siku za mwanzo za Februari. Hitima inasomwa bila jiwe. Utafutaji wako hautegemei kulipata kaburi. Ami zako wanaweza kukupa msikiti, mtaa na familia ya mke, na huko ndiko kuna watu walio hai wanaoweza kukuambia alitoka kijiji gani cha Unyamwezi.

Safari yako ya tatu usiende siku ya kazi. Nenda asubuhi ya Idi baada ya swala, wakati wenyewe wa makaburi wanapokuja kuwazuru wazazi wao, na uende na shangazi yako mkubwa, aliyeufungua msahafu ule mara nyingi kuliko nyote. Usianze kwa kuuliza wala kusoma mawe. Mketishe shangazi kivulini karibu na lango, wazee watakuja kumsalimu na kumuuliza ni wa nani, na kila atakayeuliza hivyo muulize naye amekuja kumzuru nani na kaburi liko upande gani. Kioo chukua kile kidogo cha kujitazamia. Kikubwa kitawamulika watu usoni wakiwa katika dua.